Ramadhani ya 12: Mwajemi aliyekwenda Basra kusoma



Leo ni ndefu kidogo. Wa futari wafuturu kwanza, na wanaosubiri daku wana muda wa kutosha. Tangu juzi tunazungumzia adabu za mtafutaji elimu, na watu watatu wamenitumia ujumbe wa faragha, wote watu wazima, wakisema wanatamani kukaa kwenye duara la darsa baada ya Alasiri lakini wanaona haya. Wanaogopa kusoma mbele ya watoto wakakosea, wakasahihishwa. Sikuwajibu mmoja mmoja. Jibu langu ni maisha ya mtu huyu.

Jina lake Amr bin Uthman bin Qanbar, kuniya yake Abu Bishr. Dunia nzima inamjua kwa lakabu ya Sibawayhi. Hilo ni neno la Kiajemi, na tafsiri iliyo mashuhuri ni kwamba linahusu harufu ya tufaha. Wengine wanasema mashavu yake yalikuwa mekundu kama tufaha. Haidhuru. La kushika hapa ni kwamba mtu ambaye Waarabu wenyewe wanamwita imamu wa nahau ya Kiarabu, jina lake halikuwa la Kiarabu, na lugha ya nyumbani kwao haikuwa Kiarabu.

Alizaliwa kijiji cha al-Bayda karibu na Shiraz, nchi ya Uajemi, Iran ya leo, katikati ya karne ya pili Hijria. Wazee wake walikuwa mawali, yaani watu wasio Waarabu walioingia Uislamu na kufungamana na kabila la Kiarabu, na kabila hilo lilikuwa Banu al-Harith bin Kaab. Angali kijana akaja Basra.

Sasa Basra ni wapi? Ni mji wa kusini ya Iraki, ulioanza kama kambi ya jeshi zama za Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), na mpaka wakati huu tunaousimulia ulikuwa umeshakuwa mji mkubwa wa bandari, mitende kila upande, mifereji ya maji, joto lisilo na huruma, na watu wa kila rangi. Kwa kijana anayetaka elimu, Basra wakati ule ilikuwa kama leo anavyosikia mtu Madina au al-Azhar. Msikiti wake mkubwa ulikuwa ndio chuo. Kila nguzo na sheikh wake, kila sheikh na duara lake. Hakuna kujiandikisha, hakuna ada, unakuja na kalamu yako unakaa.

Kijana wetu hakuja kusoma nahau. Alikuja kusoma hadithi na fiqhi, kama vijana wengi wa wakati wake. Akakaa kwa Sheikh Hammad bin Salama, mwanachuoni mkubwa wa hadithi wa Basra. Darsa zilikwenda hivi: sheikh anasomesha, wanafunzi wanaandika, na mara nyingine mwanafunzi anasoma kwa sauti sheikh akisikiliza. Sisi tuliosomea ualimu tunaambiwa siku hizi kwamba hiyo ni njia nzuri ya kupima, kwa sababu mwanafunzi anayesoma kwa sauti hana pa kujificha.

Siku hiyo ikafika hadithi inayomtaja sahaba Abu Dardaa (r.a.). Katika maneno yenyewe sahaba huyu anatolewa katika hukumu ya wenzake kwa neno laysa. Kijana akasoma Abu. Sheikh akamkatiza palepale, mbele ya duara zima, akamwambia amekosea, hapo ni Aba, kwa sababu laysa hii ni ya istithnaa.

Ndugu zangu mliopita kwenye Ajrumiya mnalielewa kosa. Wengine nitawafafanulia. Kwa Kiswahili nikisema Juma kampiga Ali, unajua nani kapiga na nani kapigwa kwa mpangilio wa maneno. Geuza mpangilio, Ali kampiga Juma, na kesi imegeuka. Kiarabu hakitegemei mpangilio peke yake, kinategemea mwisho wa neno, irabu ile ndogo ya mwisho. Dhumma inakwambia hivi, fataha inakwambia vile. Mtoto wa Kiarabu wa jangwani alizinyonya irabu hizo pamoja na maziwa. Mwajemi alilazimika kuzifikiria. Na kosa lenyewe ukilitazama si la mjinga! Laysa ni katika ndugu zake kaana, na jina linalokuja baada yake kawaida linakuwa marfuu. Kwa hiyo kijana alikuwa na kanuni kichwani, akaitumia pasipo pake. Waalimu wenzangu wanalijua kosa la namna hiyo, ni la mwanafunzi anayefikiri.

Lakini aibu ni aibu. Wapo wanahistoria wanaotaja neno jingine alilokosea, na hakuna ubaya, maana anayejifunza lugha ya watu hakosei mara moja. Wanachokubaliana ni alichofanya baadaye. Hakuondoka Basra kurudi Shiraz. Hakumkasirikia sheikh. Aliapa atatafuta elimu itakayomfanya asisahihishwe tena na mtu katika lugha, akahama nguzo. Yaani alihama duara la hadithi akaenda kukaa kwenye duara la nahau, akaanza chini.

Hapo ndipo alipomkuta al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi.

Wale wenye asili ya Oman kaeni vizuri, huyu ni wenu. Al-Khalil asili yake ni Oman, kabila la Azd, na alikulia Basra. Huyu ndiye aliyeanzisha elimu ya arudhi, mizani ya mashairi. Ndiye aliyepanga kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitab al-Ayn. Na ndiye anayetajwa kuwa aliyezipa irabu umbo tunalolijua: dhumma kama wau ndogo, fataha kama alifu iliyolazwa, na shadda yenye vimeno. Mtoto wako anaposoma juzuu yake ya kwanza pale madrasa, kidole chake kinapita juu ya kazi ya al-Khalil.

Na mtu huyu aliishi kwenye kibanda cha matete. Mwanafunzi wake mmoja, al-Nadr bin Shumayl, amesimulia kwamba mwalimu wao hakuwa na hata senti mbili za kushika mkononi, huku wanafunzi wake wakichuma mali kwa elimu yake. Gavana alimtumia mjumbe amwite aje kusomesha watoto wake. Al-Khalil akamtolea mjumbe kipande cha mkate mkavu, akamfahamisha kuwa maadamu anacho kile hana haja na gavana. Hata kifo chake inasemwa kilitokana na fikra: alikuwa akiwaza namna ya kurahisisha hesabu ili hata kijakazi anayetumwa dukani asidhulumiwe chenji na muuza duka, akaingia msikitini akili ikiwa mbali, akajigonga kwenye nguzo. Allah amrehemu.

Kwa mwalimu huyo Sibawayhi alikaa miaka. Na al-Khalil alimpenda. Alipomwona anakuja alimkaribisha kama mgeni ambaye mtu hachoki kutembelewa naye, na waliokuwepo wamesema hawakumsikia akimwambia maneno hayo mtu mwingine.

Maisha yake ya kila siku yalikuwaje? Tunajua kidogo kidogo, kutoka kwa waliomwona. Abu Zayd al-Ansari, mwanachuoni mwingine wa lugha, alimkumbuka akija kwenye duara lake angali mdogo, nywele zimesukwa misuko miwili. Wengine wanamtaja kuwa kijana safi, mzuri wa sura, anayekaa nao msikitini. Hakuwa na mwalimu mmoja tu. Alikwenda kwa Yunus bin Habib, kwa Abu al-Khattab al-Akhfash, na kwa wengine, na nje ya mji, upande wa jangwani, kulikuwa na soko la Mirbad. Pale Mabedui walileta ngamia kuuza, na washairi wakashindana. Watu wa lugha wa Basra walikwenda pale kusikiliza kama sisi tunavyokwenda sokoni kununua samaki: nani kaja leo, ana kitu gani kibichi. Neno likitoka kinywani mwa Bedui linaandikwa. Namna gani alilitamka, alilimalizia na irabu ipi, kabila lake lipi.

Kisa kimoja nakipenda sana. Siku moja wamekaa msikitini na makaratasi yao, upepo ukavuma ukayapeperusha. Sibawayhi akamwomba mmoja wao atazame ni upepo gani. Juu ya mnara wa msikiti kulikuwa na sanamu ya farasi ya kuonyeshea upepo. Yule mtu akaenda akatazama, akarudi na habari kwamba farasi hatulii, mara huku mara kule. Wengine wanakimbilia makaratasi, na Sibawayhi yeye anafurahia kueleza kwamba Waarabu wana neno lao kwa upepo wa namna hiyo, neno lililochukuliwa kutoka kwa mbwamwitu, kwa sababu mbwamwitu anapovizia huja upande huu akatokea upande ule kukuzuga. Hapo unamjua mtu. Makaratasi yanapeperuka, na yeye anaokota neno.

Na jambo la kushangaza: ulimi wake ulibaki mzito. Aliyewahi kumsikia akijadiliana amesema alikuwa na kigugumizi fulani, ulimi unakwama, lakini alipokitazama kitabu chake akaona elimu yake ina ufasaha kuliko ulimi wake. Basi huyo ndiye bingwa. Miaka yote ile ya Basra, na bado akisema, maneno hayatoki kama ya wenyewe.

Lakini aliandika. Kitabu hakina utangulizi wala jina, watu waliita tu al-Kitab, yaani Kitabu, na mpaka leo ukisema al-Kitab mbele ya wanafunzi wa nahau hawaulizi kitabu gani. Ndicho kitabu cha kale kuliko vyote vya nahau ya Kiarabu vilivyotufikia. Kimechapwa Paris, kikachapwa Bulaq kule Misri, na chapa inayotumika sana leo, aliyoihakiki Abd al-Salam Harun, ina majuzuu 5. Ndani yake kuna mamia ya aya za Qur'ani na zaidi ya beti 1,000 za mashairi ya Waarabu kama ushahidi. Jina la al-Khalil limetajwa zaidi ya mara 600, la Yunus zaidi ya mara 200. Mnaona uaminifu wa mwanafunzi? Kila neno analirudisha kwa mwenyewe. Yunus alipoambiwa kwamba kijana ameandika karatasi elfu za elimu ya al-Khalil, alitilia shaka. Akataka aletewe. Akatafuta humo yale yaliyonukuliwa kutoka kwake yeye Yunus, akayakuta sawasawa, akakiri kwamba basi na ya al-Khalil lazima yawe ya kweli.

Mtu atauliza, kwa nini kazi hii afanye Mwajemi? Waarabu walikuwa wapi? Jibu ninalo hapa kwetu. Mwulize Mswahili yeyote kwa nini tunasema kiti kizuri lakini meza nzuri, na kwa nini mtu mzuri lakini mti mzuri pia, ilhali watu ni wazuri na miti ni mizuri. Atakwambia ndivyo tunavyosema, basi. Lakini mgeni anayekuja Zanzibar kujifunza Kiswahili atakuuliza hilo wiki ya kwanza, na usipokuwa na jibu atalitafuta mwenyewe, na huenda akalipata kabla yako. Mwenye lugha anaishi ndani ya nyumba, hahesabu milango. Mgeni anaihesabu kwa sababu ameshajigonga kila mlango.

Sasa sehemu ngumu ya maisha yake.

Baada ya al-Khalil kufariki, Sibawayhi alikwenda Baghdad, mji wa ukhalifa, enzi ya Harun al-Rashid. Alitaka kujulikana, na hakuna ubaya mwanachuoni kutafuta riziki. Waziri Yahya bin Khalid al-Barmaki akaandaa majlisi akutane na al-Kisai, kiongozi wa nahau wa watu wa Kufa na mwalimu wa watoto wa khalifa. Tuweke adabu hapa: al-Kisai ni katika maimamu saba wa visomo vya Qur'ani. Tusimulie bila kumvunjia heshima.

Kabla al-Kisai hajafika, wanafunzi wake walimtangulia Sibawayhi kwa maswali, na mmoja kila akijibiwa alimwambia amekosea. Sibawayhi akawaambia huo ni utovu wa adabu, akakataa kuendelea nao mpaka mwalimu wao aje. Akaja. Swali lililobaki katika historia ni la nge na nyigu: mtu anasema alidhani nge anauma zaidi kuliko nyigu, kumbe ni yuleyule. Lile neno la mwisho, ni hiya au iyyaha? Sibawayhi akasema ni hiya tu, kwa rafu. Al-Kisai akasema Waarabu wanasema yote mawili. Wakabishana. Waziri akauliza nani atawahukumu, maana hao wote wawili ndio wakubwa wa miji yao. Al-Kisai akasema Mabedui wako mlangoni, waitwe waulizwe.

Wakaitwa. Wakasema neno ni la al-Kisai.

Wako waliosimulia kuwa walihongwa. Wako waliosema hawakuhongwa, ila walijua cheo cha al-Kisai kwa khalifa, na mtu masikini mlangoni kwa waziri anajua lipi la kusema. Na imesimuliwa kwamba Sibawayhi alitaka waamrishwe walitamke hilo neno wenyewe, kwa sababu ndimi zao zisingekubali. Haikufanyika hivyo. Mimi katika hili nasimama na Basra, na si peke yangu. Tazama Surat Taha, aya ya 20, fimbo ya Nabii Musa (a.s.) inapogeuka kuwa nyoka: angalia irabu ya neno linalofuata baada ya hiya. Ni rafu.

Fikirini hali yake lakini. Mtu aliyeondoka kwenye duara la hadithi kwa sababu ya irabu moja, akatumia ujana wake wote kuhakikisha hatasahihishwa tena, anasahihishwa mbele ya waziri kwa irabu moja nyingine, na safari hii hakuwa amekosea! Na wanaomhukumu ni walewale Mabedui ambao maneno yao ameyaandika kwa heshima kitabu kizima. Al-Kisai mwenyewe akamwombea kwa waziri asirudi mikono mitupu, akapewa dirhamu 10,000. Akazichukua. Hakurudi Basra. Alielekea kwao Uajemi, na haukupita muda akafariki huko. Wengi wanataja mwaka 180 Hijria, na kaburi lake liko Shiraz. Umri wake wengine wanasema thelathini na kitu, wengine arobaini na kidogo. Inasimuliwa kichwa chake kilikuwa mapajani mwa ndugu yake, na chozi la ndugu yake likamdondokea usoni.

Alikufa kitabu hakijasomeshwa. Hakuna mwanafunzi aliyekisoma chote mbele yake. Aliyekiokoa ni rafiki yake al-Akhfash, Said bin Masada, aliyemzidi umri. Sibawayhi alikuwa kila akiandika kitu humpelekea yeye akitazame. Al-Akhfash akakisomesha watu wa Basra, kikaenea. Miaka ya baadaye al-Mubarrad, mtu akitaka kukisoma kwake, alimwuliza kwanza kama amewahi kupanda bahari, kwa ukubwa wa alichokuwa anakiingia. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Na Abu Umar al-Jarmi alisema miaka thelathini anawatolea watu fatwa za fiqhi kutokana na kitabu hicho cha nahau, maana kilimfundisha namna ya kuchimba na kuchunguza.

Nimalizie na al-Kisai, ili msiondoke na chuki naye. Yeye pia asili yake ilikuwa ya Kiajemi. Yeye pia, akiwa mtu mzima, aliwahi kukaa na watu akasema amechoka, akalitamka neno vibaya, wakamkosoa, akaona haya, akainuka hapohapo kumtafuta mwalimu. Alifika mpaka Basra kwa al-Khalil, akamwuliza elimu yake ameitoa wapi, akaelekezwa majangwa ya Hijazi, Najdi na Tihama. Akaenda, akaandika kutoka kwa Mabedui mpaka akamaliza chupa kumi na tano za wino. Aliporudi, al-Khalil alikuwa ameshafariki.

Na baada ya Sibawayhi kufa, imepokewa kwamba al-Kisai alimwomba al-Akhfash amsomeshe al-Kitab faraghani, akampa dinari sabini. Al-Farra, mwanafunzi wake mkubwa aliyekuwepo siku ile Baghdad, aliendelea kuipinga Basra maisha yake yote. Alipofariki, mwaka 207 Hijria, walipouinua mto wa kichwa chake walikuta chini yake al-Kitab cha Sibawayhi.

Wabillahi tawfiq.